Inajizima Lini?

Kompyuta ya mezani inayojizima ovyo ikifikishwa kwa fundi hodari, bisibisi hubaki mfukoni kwanza. Swali ndilo hutangulia: inajizima lini? Mara nyingi mwenye mashine amekuja na jibu la swali jingine. Amekuja kusema ni virusi, au Windows imeharibika, au kijana wa jirani ameshamwambia ni ramu anunue nyingine. Fundi humsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha humrudisha palepale. Ni asubuhi au mchana, mama? Ikiwa imewaka kwa dakika chache au kwa saa nzima? Ulikuwa unaandika barua tu, au ulikuwa umefungua kurasa nyingi za intaneti? Siku hiyo mvua ilinyesha?

Nausifu ufundi huu kama nilivyouona Meru na Embu, ambako mashine nyingi za mezani ni zile zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo kabla ya kuuzwa tena huku. Zimefika na umri wake. Ndizo zinazobeba saiba, ofisi za shule za sekondari na hesabu za vyama vya kahawa. Anayetaka kujua uzito wa kazi hii aende saiba yoyote ya Embu mjini tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Foleni imejaa mlangoni, mtu amefika katikati ya fomu, na skrini inageuka nyeusi. Hapo ndipo watu huulizana kwa sauti: fundi yuko wapi?

Swali la lini lina nguvu kwa sababu kila hitilafu ina saa zake. Mashine inayojizima baada ya muda unaokaribiana kila mara, na ukiiwasha papo hapo ikazima upesi zaidi, karibu kila mara inalalamikia joto. Fundi hufungua ubavu wa sanduku na kutazama chini ya feni ya prosesa. Kule Siakago na Ishiara, sehemu za chini za Embu, vumbi huwa kavu, likipulizwa kwa blowa linaondoka. Ukipanda juu Meru, ukungu na manyunyu hulishikanisha, likalala juu ya mapezi ya alumini kama blanketi, na hewa ikakosa pa kupita. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi, na joto likizidi hapo mashine hujizima ili isiungue. Fundi hung'oa feni, hufuta kwa spiriti ile dawa ya kupitishia joto iliyokauka na kupasuka, hupaka mpya kidogo tu katikati, na kurudisha skrubu kwa kukaza moja, kisha ile iliyo mkabala nayo, ili uzito ukae sawa. Nimesimama kando nikiangalia mikono ikifanya hivyo na sikutaka kuondoka.

Ikiwa inajizima bila kujali joto, maswali huhamia kwenye stima. Mabwawa ya Mto Tana yako hapa chini, mpakani mwa Embu: Kindaruma lilianza kazi 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa na kuturudia kwa nyaya ndefu zinazopita katikati ya miti na dhoruba. Ukutani tunatarajia volti 240. Jirani akiwasha mota ya kinu cha posho, au mchomeleaji akigusisha chuma, volti hushuka kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho. Pawa saplai yenye afya hukivuka kitambo hicho kwa akiba iliyo ndani ya kapasita zake. Iliyozeeka haina akiba. Taa inapepesa tu, kompyuta ya pili inaendelea, hii inazima. Mwenyewe analaumu programu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa fundi hutoa mita. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye waya wa manjano, ambako panatakiwa volti 12. Mashine ikiwa imetulia, mita inaonyesha 12.1 na mtu mwenye haraka angefunga sanduku hapo. Fundi anaipa kazi nzito, kama video na faili kubwa kwa pamoja, huku akikodolea namba macho. 11.8. 11.5. 11.2. Kiwango kinachoruhusiwa ni kati ya 11.4 na 12.6, kwa hiyo mashine imejieleza yenyewe.

Kapasita zina hadithi yake pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, viwanda vingi duniani vilitumia kapasita zenye kimiminika kibovu ndani. Zilivimba vichwa na kuvuja miaka mingi kabla ya wakati wake. Kompyuta inayokataa kuwaka asubuhi ya Julai yenye baridi, kisha ikakubali baada ya kujaribiwa mara kadhaa, huenda ina kapasita zilizokauka ambazo hupata nguvu kidogo zikipata moto. Fundi huzitafuta kwa macho na kwa ncha ya kidole, akipapasa kichwa kimoja kimoja, kisha huzing'oa kwa lehemu na kutia nyingine. Kapasita ni kitu cha shilingi chache. Madabodi ni kitu cha maelfu.

Ramu huhitaji usiku. Iko programu ya bure iitwayo MemTest86, ambayo Chris Brady aliianza 1994. Huandika namba kwenye kumbukumbu na kuzisoma tena, nafasi baada ya nafasi, mpaka asubuhi. Mstari mmoja mwekundu unatosha. Fundi huchomoa ramu moja, hujaribu iliyobaki, hubadilisha tundu, hujaribu tena. Kila safari hubadilisha kitu kimoja tu. Akibadilisha viwili na mashine ikapona, hatajua kipi kilikuwa kigonjwa, na mteja atalipia vyote viwili. Hapo ndipo naiona heshima ya kazi hii. Fundi anayesema "sijaiona bado, niachie hadi kesho" amekataa kuuza bahati nasibu, ingawa kesho hiyo haimlipi chochote.

Katika saiba moja hapa Meru, upande wa Makutano, mama mwenye duka aliambiwa na fundi wake anunue daftari la shule badala ya kifaa. Kila mashine ikijizima aandike saa, na nini kilikuwa kikiendelea. Aliporudi walisoma pamoja kaunta. Nyingi zilikuwa kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Jumapili hapakuwa na hata moja, ingawa saiba hufunguliwa baada ya ibada na watu hujaa. Fundi alitoka nje akasimama kibarazani, akatazama karakana ya milango ya chuma iliyo nyuma ya jengo, ambayo Jumapili hufungwa. Alirudi akachomeka kompyuta nyingine kwenye soketi ileile, wakangoja wachomeleaji waanze. Ile nyingine haikutetereka. Akatia pawa saplai aliyokuwa ameipima, akamshauri mama aweke akiba ya kununua UPS, betri ya kushikilia umeme ukiyumba, mambo yakiruhusu. Risiti ilikuwa na mstari mmoja, na ramu aliyokuwa ameshaambiwa aitupe ingali ndani ya sanduku, inafanya kazi.