Hawakungoja Bibi Apakue

Miaka kadhaa iliyopita walikuja wageni kijijini kwetu na kamera, watu wa shirika moja ambalo sitalitaja. Wakampiga bibi yangu picha jikoni, wakapanda gari wakaenda zao. Mwaka uliofuata tukaiona kwenye kalenda: Bibi machozi yanamtiririka, na chini yake maneno ya kuomba msaada. Nilipompelekea aliitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka. "Kuni zilikuwa mbichi siku ile, mjukuu wangu. Huo ni moshi. Mbona hawakungoja nipakue?"

Ndugu msomaji, swali hilo la Bibi ndilo nililolibeba nilipokuwa nafungua kitabu cha picha za Mmarekani W. Eugene Smith (1918–1978). Huyu bwana alikuwa mtu wa hadithi za picha. Sisemi zile za katuni zenye maneno kwenye mapovu. Nasema picha halisi, nyingi, za mtu mmoja, zikipangwa moja baada ya nyingine mpaka umjue.

Mwaka 1948 alikwenda Kremmling, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Colorado, akamfuata daktari Ernest Ceriani kwa siku 23. Gazeti la Life likaichapa kazi hiyo tarehe 20 Septemba kwa jina la Country Doctor. Daktari huyo peke yake alikuwa akihudumia watu wapatao 2,000. Iko picha moja humo siwezi kuisahau. Daktari amesimama jikoni, bado kavaa joho la upasuaji, barakoa inaning'inia shingoni, mkononi kikombe cha kahawa na sigara. Operesheni imemchukua mpaka saa nane usiku. Hatazami kamera, hatazami chochote. Sasa ungeiona peke yake ungesema, ah, mtu kachoka, basi. Lakini umeshamwona akihangaika na wagonjwa tangu kurasa za mwanzo, kwa hiyo kile kikombe unakishika na wewe. Yaani anaonewa huruma bila kudhalilishwa.

Halafu iko Nurse Midwife ya tarehe 3 Desemba 1951, habari za Maude Callen, muuguzi mkunga Mweusi aliyewahudumia maskini wa Pineville, South Carolina, enzi za ubaguzi wa rangi. Hii mimi naiweka juu kuliko ya daktari. Umaskini umo humo tele, wala hakuuficha, ila Mama Callen muda wote ana kazi mikononi. Wasomaji walituma michango, na mwaka 1953 kliniki yake ikafunguliwa. Wale wa kalenda watasema nao walitaka hivyo hivyo. Sawa. Ila wasomaji wa Life walimchangia mtu waliyemwona akifanya kazi. Bibi yangu alichangiwa moshi.

Lakini tusimfanye Smith malaika. Mwaka 1954 alikwenda Lambaréné, Gabon, kwa Albert Schweitzer, na picha mashuhuri ya safari ile aliiunganisha chumba cha giza kutokana na negativu mbili: mpini wa msumeno na mkono vilitoka kwingine. Wako wanaomtetea kwamba msanii ana ruhusa. Mimi mwandishi wa hadithi ningekuwa wa kwanza kukubali, maana kazi yangu ni uongo mtupu, ila msomaji wangu anajua hivyo kabla hajafungua kitabu. Na kinachoniuma zaidi si msumeno. Mzee Schweitzer yuko mbele na kofia yake, Mwafrika anayejenga yuko nyuma. Nilitaka hadithi ya yule wa nyuma: anaitwa nani, jioni anarudi kwa nani, anakula nini. Hata mtu anayejua kungoja huchagua mlango wa kungojea.

Baada ya kukifunga kitabu nilitoa mswada wa riwaya yangu, ule ninaouandika tangu nimalize kidato cha nne. Sura ya kwanza, ukurasa wa kwanza, kuna kikongwe analia. Nikasoma mpaka ukurasa wa 40: kikongwe yule hana jina, hapiki, hagombani na mtu, analia tu. Nimezichana zote 40. Sasa naanzia kwenye kuni.