Mkono Usiojitangaza

Vibarazani Ndandalo, jua la Kyela likishakuwa kali, karata hutoka. Keti kando usahau mchezo wenyewe, tazama mikono tu. Mchezaji mzoefu wa arobastini anachanga, anakata na kugawa huku akibishana kuhusu bei ya kokoa. Mikono yake haiombi kutazamwa. Mwanamazingaombwe huhangaika miaka mingi kuupata mkono kama huo.

Yeye ana siri. Kidole chake cha mwisho kinashikilia mwanya mwembamba chini ya karata mbili, ili azinyanyue pamoja zionekane moja. Mara nyingi kinachomuumbua si kidole hicho. Ni ile nukta moja kabla: maneno yanakatika, bega linapanda, macho yanashukia pakiti. Watazamaji hawajui amefanya nini, lakini wamejua amefanya lini, na mazingaombwe yamekwisha.

Dai Vernon, mwanamazingaombwe Mkanada aliyezaliwa Ottawa mwaka 1894 na kufariki 1992, alishikilia kwamba mkono wenye siri ufanane na mkono usio na siri. Mwaka 1932 bingwa huyo alifunga safari hadi Pleasant Hill, Missouri, kumtafuta mcheza kamari Allen Kennedy, aliyeweza kugawa karata kutoka katikati ya pakiti bila mtu kung'amua. Nampenda kwa hilo. Alijua mwalimu yuko wapi: mwanamazingaombwe akigundulika hukosa makofi, mcheza kamari huyapata.

Wala wepesi wa mkono si kasi. Mwanamazingaombwe René Lavand wa Argentina alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka 9, akacheza karata kwa ule wa kushoto, polepole, na bado watu hawakuona kitu.

Kwa joto na unyevu wa huku, karata za karatasi hulegea na kunata jasho, na anayejifunza huzidi kuzibana. Hapo ndipo anapoharibu. Mama anayepepeta mchele hakabi ungo. Anaushika kiasi cha kutoanguka, basi.

Kijana wa Ndandalo anayeutaka ufundi huu asianze na siri. Acheze arobastini na wenzake, agawe zamu yake ikifika, ajue kwanza mkono wake hushikaje pakiti wakati hauna la kuficha. Kisha siri aiingize humo humo. Ila wale wa karata tatu stendi asiwafuate. Mkono wao ni mwepesi kweli, lakini ule ni wizi.