Chaki na Mafuta ya Taa

Injini ya dizeli ikiwashwa Sumbawanga hutoa moshi mweusi zaidi kuliko ikishushwa ziwani Kasanga. Mji uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko chini yake kwa kilomita nzima. Huku juu hewa ni nyepesi, dizeli haiungui yote. Fundi asiyejua hilo akiona moshi hudhani pampu inamwaga mafuta, akaibana. Injini ikirudi ziwani, boti halina nguvu, na lawama zote huiangukia injini. Fundi ninayemsifu hapa huutazama moshi huo, akaiacha pampu ilivyo. "Hii ya ziwani," husema. "Itapumua hukohuko."

Uani kwake kumejaa injini za Lister. Ndizo zilizosaga mahindi ya huku Ufipa kabla umeme haujafika vijijini: mashine nzito zenye magurudumu ya chuma, za Dursley, Uingereza, na baadaye nakala zake kutoka Rajkot, India. Zinazunguka mara 650 tu kwa dakika, mwendo wa mzee anayerudi shamba bila haraka, ndiyo maana hazichakai upesi. Kila kipande kinafunguka kwa spana. Aliyezibuni alikuwa akimfikiria fundi. Wa siku hizi sijui wanamfikiria nani.

Hii ninayoisimulia ililetwa kutoka Kasanga juu ya Fuso. Silinda mbili, imelitumikia boti la mbao la mizigo tangu enzi za baba wa huyo mwenye boti. Ilikuwa inakula oili na kuwaka kwa taabu. Mwenyewe alikuja na swali moja: "Shikamoo Mzee. Niifufue, au ninunue mpya?" Wengi hulijibu swali hilo kabla hawajashika spana, na jibu lao hufuata walicho nacho dukani. Mzee aliitikia salamu, basi.

Aliinua valvu ili injini izunguke bila kubana, akazungusha gurudumu kwa mkono, sikio limeinama. Akaachia valvu. Silinda ya kwanza ilisukuma gurudumu nyuma kwa nguvu. Ya pili ikaachia pumzi taratibu. Silinda hedi ilipong'olewa, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukuta wa silinda, pale ringi ya juu inapoishia safari yake. Ukucha ukikwama, slivu imeliwa. Ulikwama. Hilo halikumsumbua: slivu hubadilishwa, kranki huchongwa ikavishwa beringi za saizi inayofuata. Aliipima kranki kwa maikromita, akaigeuza kidogo, akaipima tena, maana kranki hailiki sawasawa pande zote, na anayepima upande mmoja anajidanganya.

Kilichomsumbua ni bloku. Aliipaka mafuta ya taa, akaifuta mpaka ikakauka kabisa, kisha akasaga chaki ya shuleni na kuinyunyizia unga wake. Tukangoja. Mafuta ya taa huingia kwenye ufa ambao jicho haliuoni, na chaki huyanyonya yatoke tena. Haukupita muda mrefu, mstari mwembamba ukaanza kulowa kwenye ule weupe, kutoka tundu la boliti hadi njia ya maji. Mzee akaufuata kwa kidole bila kuugusa.

"Ungekuwa nje, ningeushona," alisema. "Hapo ulipo, mimi nitakuwa nimelala kitandani na wewe uko katikati ya ziwa. Tafuta nyingine, mwanangu."

Kwa maneno hayo alijinyima malipo ya kufufua injini nzima. Katika kazi zake zote nilizoziona, naiweka hiyo juu ya injini yoyote aliyoiwasha.

Ziwa lenyewe linalijua swali hili. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wanaiacha Kigoma, waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi walioiunga waliipaka mitambo yake grisi nzito, kwa tumaini kwamba siku moja itaibuliwa. Iliibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mvuke wake uleule. Dizeli iliingia miaka ya 1970. Grisi ile hainitoki kichwani. Mtu ameamriwa aharibu, naye anaharibu kifundi, akimwachia fundi ajaye kitu cha kufungua, hata kama ajaye ni adui.

Ufipa nayo ilishawahi kuchagua. Wahenga walikuwa na malungu, tanuri ndefu za udongo zilizoyeyusha chuma kwa upepo wa asili bila mivukuto, kisha chuma kikasafishwa katika tanuri ndogo. Majembe ya dukani yalipokuja kwa bei ndogo, watu walinunua, na nani angewalaumu? Ila ujuzi ule haukupakwa grisi. Malungu machache yamesimama porini, na waliojua kuyawasha wamekwenda nao.

Mwenye boti alinunua injini mpya ya Kichina, nyepesi, inawaka vizuri. Sina neno nayo. Aliulizia vipuri, muuzaji akamwambia ikifa anunue nyingine. Jibu hilo siku hizi linatolewa kwa injini, kwa jiko, kwa redio, kwa viatu, na anayelitoa haoni haya. Vijana wa mjini wamekimbilia ufundi wa bodaboda, ambako kifaa hutolewa cha zamani kikawekwa kipya bila kupima chochote. Siwalaumu sana, bodaboda inalipa leo jioni.

Lister ile ilikaa uani kwa muda. Mzee alitoa pampu, nozeli, kranki na magurudumu, kwa kuwa kulikuwa na mashine ya kusaga huko Laela iliyokuwa ikivingoja. Bloku alitaka aibakize, awaonyeshe vijana jinsi ufa unavyotafutwa. Hakuja hata mmoja. Wanunuzi wa chuma chakavu walipopita, waliipima kwa kilo, akawauzia.