Siku 14 baada ya Sahihi: Jinsi ya Kuamua Kama Taimshea Ibaki au Ivunjwe

Tarehe 14 Septemba 1996, mkazi mmoja wa Valencia, Uhispania, alitia sahihi mkataba wa taimshea katika mji wa pwani wa Dénia. Muuzaji alikuwa kampuni ya Travel Vac. Kilichouzwa ni fungu moja kati ya mafungu 51 ya fleti yenye samani. Kwa maneno mepesi, wiki moja ya likizo kila mwaka. Bei ilikuwa peseta 1,090,000. Siku tatu baadaye mnunuzi alikwenda kwenye ofisi ya kampuni mjini Valencia akasema ameghairi. Kampuni ikafungua mkataba na kumwonyesha kifungu: anayejitoa hulipa asilimia 25 ya bei yote.

Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, na hukumu ikatoka tarehe 22 Aprili 1999. Mahakama ilisema mambo mawili yaliyo na uzito hadi leo. Mnunuzi aliyeitwa na muuzaji mahali mbali na kwake ili auziwe halazimiki kuthibitisha kwamba alishinikizwa. Na haki ya kujitoa haiwezi kutozwa faini, maana haki inayotozwa faini haina maana yoyote.

Jambo la tatu limo ndani ya hesabu za mkataba wenyewe. Katika zile peseta 1,090,000, thamani ya fungu la fleti ilikuwa 285,000 tu, kama robo ya bei. Zilizobaki zilikuwa kodi, matunzo, uendeshaji, uanachama wa klabu ya kimataifa ya kubadilishana likizo, na huduma nyingine. Aliyedhani amenunua nyumba alikuwa amenunua huduma, na robo tatu ya fedha zake zilikuwa zinaelekea huko. Yeyote mwenye mkataba mpya wa taimshea mkononi aanzie hapo.

Msomaji wangu wa leo nimweke Chaussée d'Ixelles, Brussels, mtaa unaoanzia Porte de Namur, ukapita ubavuni mwa Matongé, kitongoji cha Wakongomani, na kuteremka hadi Place Flagey. Hapo Kilingala ndicho kinachosikika zaidi, lakini Kiswahili cha Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura nacho kipo. Tuseme msomaji huyo na mkewe walikwenda Tenerife, wakaalikwa kwenye kifungua kinywa cha bure, wakatoka saa nne baadaye wakiwa na bahasha. Sasa wako nyumbani, bahasha iko mezani, na hawana hakika. Wafanye nini, na kwa mpangilio gani?

Karatasi kwanza

Sheria inayowalinda ni Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2008/122, ambalo Ubelgiji ililiingiza katika sheria ya tarehe 28 Agosti 2011. Lilichukua nafasi ya agizo la mwaka 1994, ambalo liliwapa wauzaji mianya: lilihusu mikataba ya miaka mitatu au zaidi, na majengo tu. Kampuni zikatunga mikataba ya miezi 35, zikauza wiki za kulala ndani ya mashua, zikaanzisha klabu za punguzo la bei ya likizo. Agizo la sasa linashika kila mkataba unaozidi mwaka mmoja, mashua na klabu za punguzo zikiwemo. Na ukiwepo uwezekano wa mkataba kujihuisha wenyewe, muda huo wa nyongeza unahesabiwa pia. Sheria haiangalii pasipoti. Mlaji ni mlaji, awe Mbelgiji au Mkongomani.

Ndani ya bahasha panatakiwa pawe na vitu vitatu: mkataba, fomu ya maelezo, na fomu ya kujitoa iliyo peke yake. Hiyo ya tatu ndiyo ya kushikwa kwanza. Sehemu ya juu inasema mlaji ana haki ya kujitoa ndani ya siku 14 bila kutoa sababu, kisha kuna nafasi ya tarehe ambayo muuzaji ndiye anayetakiwa kuijaza kabla ya kukukabidhi. Katikati ni ilani yenyewe: kwa nani, mkataba wa tarehe gani, majina, anwani, sahihi. Chini kabisa kuna mahali pengine pa sahihi, pa kuthibitisha kwamba umepokea maelezo. Sahihi hizi mbili zisichanganywe. Ile ya chini hutiwa siku ya mauzo na haimtoi mtu kwenye mkataba. Wengine huiona sahihi yao kwenye karatasi yenye kichwa cha kujitoa wakadhani kazi imekwisha, kumbe ilani ya katikati bado ni tupu.

Lugha nayo ni sehemu ya karatasi. Mkazi wa Ubelgiji ana haki ya kuchagua mkataba uandikwe kwa lugha ya nchi anayoishi, yaani Kifaransa, Kiholanzi au Kijerumani. Kiswahili hakimo katika lugha rasmi za Umoja. Lakini kama bahasha ya Tenerife ina Kiingereza peke yake na msomaji wetu anasoma Kifaransa, hiyo ni kasoro ya kuandikwa mahali, kwa sababu itafaa baadaye mgogoro ukitokea.

Saa inavyohesabiwa

Siku ni 14 za kalenda, tangu mkataba ulipotiwa sahihi au tangu nakala yake ilipopokelewa, ikiwa ilikuja baadaye. Siku ya sahihi yenyewe haihesabiwi. Aliyesaini Jumamosi anaanza kuhesabu Jumapili, na siku ya 14 inaangukia Jumamosi tena. Kanuni za Ulaya za kuhesabu muda, za mwaka 1971, zinasema muda unaoishia Jumamosi, Jumapili au sikukuu unasogea hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Basi Jumatatu ingali ndani. Ila mwenye busara haitumii Jumatatu hiyo. Anaiacha iwe akiba.

Muda hurefuka muuzaji akikosea. Kama fomu ya maelezo haikutolewa, mlango hukaa wazi kwa miezi mitatu na siku 14. Kama fomu ya kujitoa haikutolewa ikiwa imejazwa, hukaa wazi kwa mwaka mmoja na siku 14. Muuzaji akileta fomu iliyokosekana kabla muda huo mrefu haujaisha, zile siku 14 huanza siku unapoipokea. Ndiyo maana barua pepe ya "kukamilisha nyaraka" inayokuja wiki kadhaa baada ya safari isifungwe bila kusomwa: huenda ndiyo inayowasha saa.

Kipimo kingine cha haraka ni fedha. Katika siku hizo 14 muuzaji haruhusiwi kupokea chochote: si malipo ya awali, si dhamana, si kuzuia kiasi fulani kwenye kadi, si hati ya kukiri deni, na si kwa jina lake wala la mtu mwingine. Kama kadi ilipitishwa kwenye mashine siku ileile "ili kushika nafasi", muuzaji amevunja sheria. Jambo hilo peke yake linatosha kumfahamisha mnunuzi ni mtu wa namna gani atakayekuwa anamtumia ankara kila mwaka.

Ada ndiyo bei

Baada ya karatasi na saa, ndipo kalamu ishike hesabu. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, na taimshea huisha hivyo hasa, kwa sababu bei inayotajwa mezani ni moja na inayolipwa maishani ni nyingine.

Tuchukue mfano. Wiki moja imeuzwa kwa yuro 12,000. Ada ya mwaka ya matunzo ni yuro 700, nayo inapanda asilimia 4 kila mwaka. Katika mwaka wa 14 jumla ya ada inaipita bei ya ununuzi. Katika mwaka wa 20 ada ya mwaka huo mmoja ni karibu yuro 1,475, zaidi ya mara mbili ya ilivyoanza. Jumla ya ada za miaka 20 ni kama yuro 20,845. Ziongeze kwenye 12,000, ugawe kwa wiki 20: kila wiki imekugharimu zaidi ya yuro 1,640, bila tiketi ya ndege na bila riba ya mkopo.

Sasa chukua jina la jengo hilohilo, au la jirani yake, uangalie leo wiki kama hiyo inapangishwa kwa kiasi gani kwa mtu wa kawaida asiye mwanachama. Ulinganisho huo mmoja una manufaa kuliko maneno yote ya siku ya mauzo. Pangisho likiwa chini, mkataba umeshindwa. Likiwa juu kidogo tu, bado mkataba umeshindwa, kwa sababu mpangaji ana uhuru wa kutokwenda mwaka akikosa fedha, na mwanachama hana.

Kisha tafuta kwenye mkataba majibu ya maswali manne. Nani anaamua ada ipande, na kuna kikomo? Mkataba unaisha mwaka gani? Ukifa, deni la ada linawafuata watoto? Ukitaka kutoka mwaka wa tano, unatokaje? Kama muuzaji alisema hiki ni kitega uchumi, hapo pana kosa tayari: agizo linakataza taimshea kutangazwa au kuuzwa kama uwekezaji.

Kalenda ya nyumbani

Hesabu inaweza kukubali na bado maisha yakakataa. Mfanyakazi wa kudumu Ubelgiji, wa siku tano kwa wiki, ana siku 20 za likizo ya kisheria kwa mwaka. Familia nyingi zenye asili ya Kivu au Burundi huzitunza kwa safari ya kwenda kuona wazazi, na safari hiyo haiwezi kukatwa vipande vya wiki moja moja. Shule nazo zimegawanyika. Tangu Agosti 2022, shule za Kifaransa zina kalenda mpya yenye likizo za wiki mbili katikati ya mwaka na kiangazi kifupi zaidi, wakati shule za Kiholanzi zilibaki na Julai na Agosti. Brussels kuna nyumba zenye mtoto mmoja huku na mwingine kule. Wiki iliyofungwa kwenye tarehe moja kila mwaka iwekwe juu ya kalenda zote mbili kabla ya mtu kusema inamfaa.

Muuzaji atajibu kwamba wiki hubadilishwa kupitia klabu. Ni kweli, ila klabu ina ada yake na foleni yake, na wiki za likizo ya shule ndizo zinazotakiwa na kila mtu.

Barua

Anayeamua kutoka haandiki insha. Haombi, haelezi ugonjwa wala ada za shule. Sababu haitakiwi, na sababu ikitolewa humpa muuzaji mahali pa kuanzia mazungumzo. Anajaza ilani, au anaandika sentensi moja: tunajitoa kwenye mkataba namba fulani wa tarehe fulani. Wote waliosaini wasaini tena. Anapiga picha ya kila ukurasa, anatuma kwa barua ya rejista, na siku hiyohiyo anatuma nakala kwa barua pepe. Kinachohesabika ni tarehe ya kutuma, si ya kufika. Risiti ya posta ndiyo ushahidi. Simu haihesabiki, hata kama aliyepokea alikuwa mpole na akasema "tumekusikia".

Barua iende kwa kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba kama mwenye kuuza, si kwa jina lililokuwa kwenye bango la hoteli. Mwaka 2023, katika kesi ya Club La Costa, Mahakama ya Luxembourg ilikumbusha kwamba upande wa pili wa mkataba ni yule tu aliyeingia mkataba huo, si kampuni dada ya kundi moja. Barua ikitumwa kwa wakati, mkopo uliopangwa na muuzaji na uanachama wa klabu ya kubadilishana huanguka pamoja na mkataba, bila gharama. Muuzaji akikaidi na yuko nchi nyingine ya Umoja, Kituo cha Walaji cha Ulaya kilichopo Brussels husaidia bila malipo. Lakini kituo hakitumi barua kwa niaba yako. Hiyo ni kazi yako.

Ikiwa wiki ilinunuliwa nje ya Ulaya, saa nyingine ndiyo inayohesabu. Aliyesaini Kenya, kwa nyumba iliyoko Kenya, aangalie Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya nchi hiyo ya mwaka 2012, inayompa siku 10 tangu alipopokea nakala ya maandishi.

Kutoka leo na kutoka kesho

Wapo waliotoka baada ya mlango kufungwa. Tarehe 15 Januari 2015 Mahakama Kuu ya Uhispania ilitoa hukumu dhidi ya kampuni moja ya Gran Canaria, ikabatilisha mkataba usio na mwisho uliotungwa chini ya sheria ya 1998, ambayo iliruhusu miaka 50 tu. Wengi walifuata njia hiyo, kwa mawakili, wakalimani na miaka ya kungoja. Wengine huangukia kwa wanaopiga simu wakiahidi kuwauzia wiki zao mradi walipe kwanza. Malipo hayo nayo yamekatazwa hadi mauzo yakamilike.

Hapo ndipo uamuzi ulipo. Katika siku 14 za kwanza hakuna anayetakiwa kuthibitisha kwamba mkataba ni mbaya. Anayetakiwa kuthibitisha kwamba ni mzuri ni muuzaji, kwa maandishi, juu ya ada, muda na njia ya kutoka. Siku ya kumi ikifika bila majibu hayo, au mmoja wa waliosaini angali na mashaka, tumeni barua. Wiki za likizo zitakuwepo tena sokoni mwezi ujao, na mtazinunua mkitaka. Muda wa kujitoa bure ukishapita haurudi.