Kosa Lilikuwa Nyuma ya Droo

Feni ya gari langu, IST ya 2003, ilikuwa ikivuma kama mashine ya kukoboa, lakini upepo uliotoka kwenye dashibodi haukutosha hata kupoza chai. Fundi akasema gesi ya AC imekwisha. Tukajaza. Upepo ukabaki uleule.

Nilipaswa kushtuka mapema. Gesi ikipungua, kwa kawaida upepo hutoka mwingi, ila hauna baridi. Upepo ukiwa haba huku feni ikivuma, mara nyingi njia ya hewa imeziba. Kipimo chake ni bure: zima AC, acha feni peke yake kwenye namba ya mwisho. Ikiwa upepo bado ni wa kubembeleza, gesi haihusiki.

Hewa huingia kupitia matundu yaliyo chini ya waipa, ikapita kwenye filta ya karatasi, kisha ikafika kwenye evaporeta, ile sehemu inayopoza. Evaporeta hutoa umande. Vumbi lisilozuiwa na filta hugandia hapo na kuwa tope, na ndiyo maana magari mengi ya huku hunuka uvundo AC ikiwashwa. Sasa chukua barabara za changarawe za Ushetu, kiangazi, gari likiwa nyuma ya lori la tumbaku linaloteremka Kahama. Filta ya injini fundi huikumbuka kila anapomwaga oili. Hii ya ndani haionekani, basi haina mwenyewe.

Kuitoa hakuhitaji hata bisibisi. Nilizima gari, nikaondoa vitu kwenye droo ya mbele ya abiria, nikachomoa kamba ndogo ya pembeni, nikazibana kuta za droo kwa ndani hadi ikashuka yote. Nyuma yake kuna kifuniko chembamba chenye klipu mbili. Nilipokitoa na kuvuta filta nilikosea: niliiinamisha, mzigo wake ukamwagikia kwenye feni. Jioni ile gari lililia tiki-tiki-tiki mpaka nilipolitoa jani kavu. Vuta filta ikiwa imelala sawasawa, taratibu.

Na mzigo wenyewe! Mbawa za kumbikumbi, vumbi jekundu, na maganda ya karanga. Panya walikuwa wamehamia. Gari likilala karibu na ghala la karanga, wao hupandia huko huko chini ya waipa. Ukikuta kinyesi chao usikifagie kikavu. Funika pua, nyunyizia maji yenye dawa ya madoa, subiri kidogo, ndipo ufute kwa kitambaa.

Wengine hukuta nafasi tupu. Baadhi ya magari haya ya Japani yalitoka kiwandani na nyumba ya filta bila filta yenyewe, na mwenye gari amevuta vumbi miaka yote akidhani analindwa.

Filta mpya ina mshale. Fuata maelekezo yake, maana ikigeuzwa haichuji ipasavyo. Kuhusu kupuliza ya zamani kwa kompresa, mimi sikubaliani nako. Vumbi la juu hutoka, lile laini hubaki ndani ya nyuzi, na presha ile hupasua karatasi mahali usipopaona. Watengenezaji wengi huelekeza kubadilisha kati ya kilomita 15,000 na 30,000. Kwa barabara zetu kata nusu.

Faida iliyonishangaza ilikuwa kwenye milango. Feni ikivuta hewa ya nje kupitia filta safi huku vioo vimefungwa, presha ya ndani huzidi kidogo ya nje, na vumbi hushindwa kupenya kwenye raba zilizochoka. Filta ikiziba, kinga hiyo hutoweka. Ila ukiwa nyuma ya lori, vumbi likiwa zito, bonyeza swichi ya kuzungusha hewa ya ndani. Ukishalipita, rudisha ya nje.

Pembeni ya filta mpya nimeandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito. Fundi atakayefuata akiniambia gesi imekwisha, nitaanza kwa kushusha droo.