Heko kwa Watunzaji wa DNA Inayojirudia

Karibu nusu ya jenomu ya binadamu ni DNA iliyojinakili tena na tena. Kipande kimoja tu, Alu, chenye herufi zipatazo 300, kina nakala zaidi ya milioni moja ndani yetu. Wapo walioziita takataka. Mwanasayansi Jerzy Jurka alizichambua, na mwaka 1992 yeye na wenzake wakachapisha mkusanyo uliokuja kukua na kuwa Repbase.

Kazi yenyewe inataka macho na subira. Mtunzaji hupanga nakala nyingi zilizochakaa, mstari chini ya mstari, na katika kila safu huchagua herufi iliyo nyingi, mpaka mfuatano wa mzazi ujitokeze. Kuhesabu tu hakutoshi: palipokuwa na herufi C na G zikifuatana (CG), nakala nyingi leo zina TG au CA, kwa sababu C ya hapo hugeuka upesi kuwa T. Mtunzaji mzoefu huliona hilo, akairudisha CG mahali pake. Huo ni ustadi hasa!

Jurka alifariki mwaka 2014. Dfam, hifadhi iliyo wazi kwa wote, nayo inaifanya kazi hiyo kwa viumbe chungu nzima. Jenomu mpya ikisomwa, programu ya RepeatMasker hutegemea orodha hizi kufunika marudio kabla jeni hazijaanza kutafutwa.