Neno Linalokonyeza

Anayejifunza Kijapani huambiwa mapema kwamba lugha hiyo ina hati tatu, kila moja na kazi yake. Kanji, herufi zilizotoka China, hubeba maana. Hiragana, yenye mikunjo laini, huunganisha sentensi. Katakana, yenye kona kali kama iliyochongwa kwa kisu, ni ya maneno ya kigeni. Niliikariri sheria hiyo nikajiona mjuzi. Kisha nikafungua kitabu cha manga, yaani vibonzo vya Kijapani, nikamkuta msichana akimwambia mvulana キモい, kimoi. Nikahangaika kutafuta neno limetoka nchi gani. Kumbe ni Kijapani kitupu: kimochi warui, yaani “hisia mbaya”, limefinywa na vijana hadi likabaki silabi tatu za kumchefukia mtu.

Sasa litazame kwa karibu. Kimo imeandikwa kwa katakana, lakini i ya mwisho ni hiragana, kwa sababu huo ni mkia wa sarufi. Ndivyo ilivyo pia kwa saboru, kutega kazi au masomo, lenye shina la Kifaransa la sabotage. Sisi Waswahili humshika mgeni kichwani, kwa ku- ya kuchati. Wao humshika mkiani, kwa -ru.

Lakini kwa nini neno la nyumbani livishwe nguo za mgeni? Kijapani hakiachi nafasi kati ya maneno. Simo ikiandikwa kwa hiragana huzama miongoni mwa viunganishi. Ikiandikwa kwa kanji, kama inayo, huvaa suti isiyoifaa. Katakana huipa kingo, jicho likaidaka, na sikio likasikia kwamba hapa msemaji amebadilisha sauti. Ni kukonyeza kwa maandishi.

Ufundi wenyewe umo katika kuchagua. Neno ore ni “mimi” ya kiume, ya mtu asiyejinyenyekeza. Mtunzi anaweza kuliandika 俺, likawa zito. おれ, likalainika kama la mvulana. Au オレ, nawe ukamwona jamaa ametunisha kifua. Matamshi ni yale yale. Kilichobadilika ni mtu. Au chukua ikemen, mvulana mtanashati. Ike ni ya kitu kinachovutia. Men ni “uso” kwa Kijapani, na pia inanong’ona neno la Kiingereza la wanaume. Kanji ingelazimisha maana moja. Katakana inaiacha milango yote miwili wazi.

Kejeli ni kwamba hati hii haikuzaliwa kijiweni. Ilianza karne ya 9, watawa wa Kibudha walipokuwa wakimega vipande vya kanji ili waandike alama za usomaji kando ya maandiko yao. Kata ni “kipande”. Katiba ya Japani ya enzi ya Meiji, ya 1889, iliandikwa kwa kanji na katakana. Hati iliyowahi kubeba sauti ya dola leo inabeba yabai, neno lenye maana ya “hatari” lililotumiwa zamani na wahalifu, ambalo vijana hulitamka hata mbele ya bakuli tamu la tambi.

Wala si mzaha tu. Mji wa Hiroshima huandikwa kwa kanji kwenye ramani na stesheni. Ukiuona kwa katakana, mara nyingi anayeandika anazungumzia bomu la atomiki la tarehe 6 Agosti 1945. Ukonyezaji ule ule, safari hii bila tabasamu: jina limetengwa na matumizi ya kila siku ili usilipite haraka.

Ndiyo maana fundi hulitumia jicho lake kwa kipimo. Anayekonyeza kwa kila neno, utadhani ameingiwa na kibanzi. Katika ukurasa mzuri neno moja tu huvishwa kona, na hilo moja hubeba dharau, majivuno au haya ambayo sentensi nzima ingeyaeleza vibaya.

Siku nyingine, katika manga, nilimkuta mgeni akibabaika kwa Kijapani. Mtunzi alikuwa amemwandikia ワタシ, “mimi” ya kawaida kabisa, lakini kwa katakana, ili lafudhi yake ionekane. Nikacheka peke yangu. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, na kona zake zote.